Jaketi la theluji kwa mtoto wa bweni: Lipi linazuia mvua kweli?

Orodha ya vifaa vya mwanafunzi wa bweni huanza na godoro na kuishia na ndoo. Katikati kuna shuka, blanketi, soksi, madaftari, reki na jembe. Jaketi mara nyingi halimo, au limetajwa kijuujuu baada ya sweta. Mzazi wa Dar es Salaam au Tanga ambaye mtoto wake amepangiwa shule ya Njombe, Makete au Lushoto hulikumbuka siku mbili kabla ya safari, fedha zikiwa zimebaki za nauli na kidogo juu yake. Hapo ndipo anapokimbilia kwenye mitumba kutafuta "jaketi zito".

Neno hilo "zito" ndilo linalomponza.

Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Shule zinafunguliwa Januari, katikati ya msimu wa mvua ambao huko huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mtoto anatoka bwenini alfajiri, anakwenda paredi, darasani, bwaloni, na usiku anarudi kutoka kujisomea. Baridi kavu ya Juni na Julai inavumilika kwa sweta mbili. Baridi yenye maji haivumiliki, kwa kuwa nguo iliyolowa hunyang'anya mwili joto haraka kuliko nguo kavu. Jaketi nene likilowa Jumatatu, katika bweni lisilo na jua wala moto, linaweza kufika Alhamisi bado ni bichi. Siku hizo tatu mtoto anavaa nini?

Kwa hiyo swali la kwanza sokoni lisiwe jaketi linatia joto kiasi gani. Joto linaweza kuongezwa kwa sweta na fulana ya ndani. Kinachotafutwa ni jaketi lisilopitisha maji.

Yalikotoka

Majaketi mengi manene yanayoning'inia Karume jijini Dar es Salaam, Memorial ya Moshi au Mwanjelwa ya Mbeya hayakushonwa kwa ajili ya mvua. Yalishonwa kwa ajili ya skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Ni rahisi kuyatambua. Mengi yana mfuko mdogo wa zipu kwenye mkono wa kushoto, wa kuwekea kadi ya kupandia mlimani. Ndani, usawa wa kiuno, kuna mkanda mpana wa kitambaa wenye lastiki na vifungo vya kubonyeza, uliowekwa ili theluji isiingie mgongoni mtu akianguka. Kofia yake ni kubwa kupita kichwa, kwa sababu huvaliwa juu ya helmeti.

Familia nyingi za Ulaya na Marekani Kaskazini huyavaa majaketi hayo kwa likizo ya wiki moja tu kwa mwaka. Mtoto akikua, jaketi linatolewa likiwa halijachoka. Ndiyo maana kwa fedha ileile mzazi anaweza kupata sokoni mtumba ulioshonwa vizuri kuliko jaketi jipya la dukani ambalo zipu yake haitafika likizo ya Juni.

Tatizo ni kwamba theluji si mvua. Theluji kavu mtu huipangusa begani ikaanguka. Haimwagiki, haitiririki kwenye mishono, wala haikandamizwi na mkanda wa begi la madaftari kwa nusu saa. Jaketi la bei ndogo la skii linaweza kufanya kazi yake vizuri huko kwao na bado likalowa chapachapa kwenye manyunyu ya Makete. Mengine, yaliyotengenezwa kwa watu wanaoshinda mlimani siku nzima, yanazuia hata mvua kubwa. Yote mawili huning'inia kwenye kamba moja, tena mara nyingine lile jembamba linalozuia mvua ndilo la bei ya chini, kwa sababu wateja wanagombania lile lililovimba.

Kusoma lebo

Lebo ikiwa bado ipo, isomwe kabla ya bei kuulizwa. Neno "waterproof" na neno "water resistant" hayana maana moja. La pili lina maana kwamba kitambaa kinahimili maji kidogo tu, manyunyu ya dakika chache. "Water repellent" nayo inaeleza dawa iliyopakwa juu ya kitambaa, ambayo huisha kwa kufuliwa na kusuguliwa.

Baadhi ya majaketi ya skii yana namba pia, kwenye lebo ya ndani au juu ya mkono: 5,000, 10,000, 15,000 au 20,000. Namba hiyo hutokana na kipimo cha maabara. Kitambaa hukandamizwa kwa maji, na kipimo huhesabiwa kwa urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuihimili kabla hakijaanza kuvuja. Namba 10,000 ni milimita, yaani nguzo ya mita 10. Inaonekana ni nyingi kupita kiasi kwa mvua ya kawaida, lakini mkanda wa begi begani na kukaa kwenye kiti chenye maji huongeza mgandamizo mkubwa. Kwa mtoto anayetembea na begi, 10,000 na kuendelea ni salama. Zikiwa namba mbili pamoja, ya pili kwa kawaida ni ya kupitisha mvuke wa jasho, ambayo kwa mwanafunzi si ya kuumiza kichwa.

Halafu kuna majina makubwa. Gore-Tex ilitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore mwaka 1969, aliyepata njia ya kuvuta plastiki fulani ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ni kitu kizuri, na jaketi lenye jina hilo linastahili kukaguliwa kwa makini zaidi. Lakini jina pekee halizuii maji. Namba na majina hueleza jaketi lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Mtumba una historia yake baada ya hapo.

Kuligeuza ndani nje

Hapa ndipo muda utumike, hata muuzaji akianza kununa.

Kila mahali sindano ilipopita pana tundu. Jaketi linalozuia mvua kwa kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto juu ya mishono, upande wa ndani. Kwenye jaketi lisilo na bitana utepe huo unaonekana moja kwa moja. Kwenye lenye bitana, mzazi achungulie ndani ya kofia, ndani ya mifuko na kwenye pindo la chini, au aushike mshono wa bega kwa vidole viwili: wenye utepe ni mgumu kidogo, kama uliopakwa gundi ikakauka. Majaketi mengine yana utepe mabegani na kwenye kofia tu. Hayo yanatosha kwa mvua ya kutembea kutoka bwenini hadi darasani. Yasiyo na utepe popote ni ya kuzuia upepo, na yalipiwe bei ya kuzuia upepo.

Utepe ukiwa umeanza kubanduka, jaketi liachwe. Vivyo hivyo ndani kukiwa na magamba meupe yanayodondoka kama mba, au kitambaa kikinata vidoleni, au kikitoa harufu ya uchachu kama matapishi. Hizo ni dalili kwamba utando umekufa. Unyevu na joto vimeumaliza, huenda tangu likiwa bado kabatini kwa mwenye nalo wa kwanza. Hakuna fundi wa kuurudisha, na kulifua jaketi la namna hiyo huharakisha tu mabanduko. Wauzaji wengi hawalifichi hili kwa makusudi. Wanauza kwa macho, na kwa nje jaketi linang'aa.

Kisha maji. Mazungumzo huwa hivi:

"Karibu mama, shika hii. Mzigo wa Ulaya huu, maji hayaingii hata kidogo."

"Nimwagie kifuniko kimoja tu hapa begani, mwanangu, tuone."

Muuzaji mwenye uhakika atasema mwaga tu mama. Anayekataa naye ana haki yake, maana nguo ni yake mpaka inunuliwe. Basi lifanyike kwa tone la kidole. Kitambaa kibonyezwe kidogo kifanye kishimo, maji yakae humo dakika tano, huku yakisuguliwa taratibu kwa kidole gumba. Matokeo ni matatu. Maji yakijikusanya kama kwenye jani la gimbi na ndani pakabaki pakavu, jaketi ni zima. Maji yakipenya hadi ndani, mzazi ashukuru na kuendelea na safari.

Matokeo ya tatu ndiyo wengi huyakosea. Maji yanasambaa na kulowanisha kitambaa cha nje, kikawa na doa jeusi, lakini ndani pakavu kabisa. Wanunuzi wengi hulirudisha kambani wakidhani linavuja. Halivuji. Kilichoisha ni ile dawa ya juu tu, na utando ungali unafanya kazi. Jaketi hilo litakuwa zito kidogo likinyeshewa na litachelewa kukauka, lakini mtoto hatalowa. Hapo ndipo pa kupunguzia bei, kwa sababu muuzaji mwenyewe ameona doa.

Manyoya au pamba ya plastiki

Majaketi yaliyovimba hujazwa moja ya vitu viwili: manyoya laini ya bata na bata bukini, au nyuzi za polista zinazofanana na pamba. Manyoya yanatia joto kuliko kitu chochote chenye uzito huo, na ndiyo sababu yanapendwa. Yakilowa hushikamana kama uji na joto lote linakwisha. Kukausha jaketi la manyoya bwenini ni kazi ya siku kadhaa na huishia na harufu. Kwa shule ya mvua, polista ni bora. Lebo ikiwa imekatwa, jaketi lipapaswe: ya manyoya huwa na vijiti vidogo vinavyochoma vidole na unyoya mmojammoja unaochungulia kwenye mshono.

Bora zaidi kuliko yote mawili ni jaketi la skii lisilojazwa kitu, gamba tupu lenye utepe kwenye mishono. Sokoni huonekana kama koti la mvua la kawaida na halimvutii mtu. Likinunuliwa kubwa kidogo, sweta ya shule inaingia chini yake, linakauka usiku mmoja, na mtoto analivaa Januari kwa mvua na Julai kwa upepo. Mzazi asiye na fedha za majaketi mawili hana chaguo bora kuliko hili.

Zipu, kofia, mikono

Zipu ipandishwe na kushushwa mara tatu, si mara moja. Kichwa cha zipu kilicholegea hubadilishwa na fundi kwa fedha kidogo. Meno yakiwa yamekatika, zipu nzima inabadilishwa, na kwenye jaketi lenye bitana na ujazo hiyo ni kazi kubwa. Bei ya fundi iulizwe kabla jaketi halijalipiwa, maana mafundi wako humohumo sokoni. Zipu ya meno makubwa ya plastiki hudumu kuliko ile nyembamba. Pawepo pia ulimi wa kitambaa unaofunika zipu, kwa sababu maji hupita katikati ya meno. Waendesha bodaboda wanaovaa majaketi kinyumenyume wanakwepa upepo unaopita hapohapo. Jaketi lenye ulimi mzuri huvaliwa kama lilivyoshonwa.

Kofia za majaketi ya skii mara nyingi hutolewa kwa zipu au vifungo, na safari ya robota huzipoteza. Shingoni pakiwa na vifungo visivyo na kazi, kofia ilikuwepo na imepotea. Jaketi la mvua lisilo na kofia ni nusu jaketi, kwani maji yataingia shingoni na kushuka mgongoni kwa ndani. Ikiwepo, kamba zake zivutwe kuona kama zinaibana hadi mtoto aone mbele bila kufunikwa macho.

Mtoto mwenyewe akiwepo, avae juu ya sweta na kunyoosha mikono juu. Ncha za mikono zibaki kwenye kifundo. Baadhi ya majaketi ya watoto, yakiwemo ya Columbia, yameshonwa na pindo la ziada ndani ya mkono, lenye uzi wa rangi tofauti. Uzi ukikatwa, mkono unarefuka. Ni jambo dogo linaloweza kuongeza mwaka mzima kwa mtoto wa miaka 13, ambaye hurefuka kila likizo.

Fedha

Bei hubadilika kwa mji, kwa robota na kwa msimu, lakini desturi ya soko ni moja: jaketi hupanda bei baridi inapoanza. Anayejua mtoto atakwenda nyanda za juu afadhali anunue Dar es Salaam kwenye joto la Desemba kuliko kusubiri kufika Njombe. Chukua mfano wa mzazi mwenye Sh40,000. Asizimalize zote kambani. Abakize Sh5,000 au zaidi za fundi, na bei aanzie chini kwa kutaja kasoro alizoziona: kichwa cha zipu, doa la maji, velkro iliyojaa nyuzi. Kasoro zinazorekebishika ndizo zinazompunguzia bei. Zile zisizorekebishika, yaani utando, utepe na kofia iliyopotea, asikubali kuzinunua hata kwa bei ya kutupa.

Rangi nayo ikaguliwe kwenye fomu ya kujiunga. Jaketi la machungwa lenye michirizi ya kijani ni zuri mlimani, lakini shuleni linaweza kuishia ofisini kwa mwalimu wa nidhamu.

Na kama mitumba ya siku hiyo yote imechoka? Koti jepesi la mvua la plastiki lenye kofia, likivaliwa juu ya sweta mbili, linamkausha mtoto kuliko jaketi la skii lililokufa utando. Linatoa jasho na linachanika kwenye misumari ya vitanda, ni kweli. Litamvusha muhula.

Kwa familia za Waswahili zilizohamia nchi za theluji zenyewe, ushauri unageuka. Minnesota au Norway ndani, baridi ikiwa chini sana ya sifuri, mvua hainyeshi. Huko ujazo ndio wenye kazi, hata wa manyoya. Maduka hupunguza bei za majaketi ya baridi kuanzia mwisho wa msimu, Februari na Machi, na anayenunua wakati huo saizi moja zaidi kwa ajili ya Novemba anaokoa fedha nyingi. Maduka ya vitu vilivyotumika huko huuza majaketi haya kabla hayajafungwa kwenye marobota ya kuja Afrika.

Likishafika nyumbani

Mtumba lazima ufuliwe, lakini jaketi hili halitaki mikono ya nguvu. Zipu zote zifungwe. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, hakuna brashi, hakuna dawa ya madoa ya kupausha, na hakuna kabisa kilainishi cha nguo, kwa sababu huacha utando wa mafuta unaovuta maji. Lisuuzwe mara tatu au nne hadi povu liishe. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa pia huvuta maji. Lisikamuliwe kwa kusokotwa. Likaushwe kivulini.

Lile lenye doa la nje linaweza kuamka tena kwa joto. Lebo ikiruhusu pasi, lipigwe kwa moto mdogo likiwa limefunikwa kitambaa cha pamba. Joto hurudisha uhai kwenye dawa iliyobaki. Hii ni kwa pasi ya umeme yenye kipimo. Pasi ya mkaa haipimiki, na cheche moja ya kaa hutoboa nailoni. Ushauri wa kusugua mshumaa nao uachwe: unafaa turubai, lakini kwenye jaketi la utando unaziba vitundu na kushika vumbi.

Jina la mtoto lisishonwe begani wala kifuani. Kila tundu la sindano la nje litavuja. Liandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye lebo, au kitambaa chenye jina kishonwe kwenye bitana peke yake, fundi akiambiwa wazi sindano isitokee nje.

Mtoto naye aelezwe jambo moja kabla ya kupanda basi. Bweni likiwa na wizi, atataka kulifungia jaketi ndani ya tranka kila jioni, likiwa bado na maji. Humo litaota ukungu, na unyevu huo ndio unaoua utando. Alitundike kichwani mwa kitanda, zipu ikiwa wazi na bitana imegeuzwa nje, na mikono miwili aifunge kwenye chuma kwa kamba ya kiatu. Asubuhi likikauka, ndipo tranka lifunguliwe.